Onyo na Safina

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwanzo 6:13-22, Mwanzo 19:12-22, Ezekieli 33:1-6, Mathayo 4:5-7, Mathayo 24:15-20, Matendo 27, Yakobo 2:14-17.

Fungu la kukariri: Waebrania 11:7. Lisome katika Biblia yako na ujiulize: Nuhu alipoonywa, alifanya nini kwa mikono yake?

Mwezi Aprili 2024 Mto Rufiji ulifurika, ukafunika nyumba na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, mkoani Pwani, Tanzania. Mto huo hupokea maji ya Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu, yaani mvua iliyonyesha mbali sana na bonde lenyewe. Kwa hiyo mkazi wa bondeni anaweza kuamka na kukuta maji mlangoni, ilhali kwake hakukuwa na wingu. Mwishoni mwa mwezi huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kwamba mvua na mafuriko ya msimu huo yalikuwa yameua watu 155 nchini na kuwaathiri wengine wapatao 200,000. Katika nchi jirani ya Kenya, waliokufa kwa mafuriko ya masika hayo walizidi 200.

Baada ya kila msiba wa namna hii huulizwa swali lilelile, barabarani, sokoni, na hata kwenye ua wa kanisa: “Walionywa. Mbona hawakuhama?” Wengine huuliza kwa huzuni. Wengine hulifunga jambo kwa methali: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo ina hekima yake, lakini ikitamkwa mbele ya mtu aliyezika mtoto huwa hukumu, na humwachia mwonyaji aende zake akiwa safi.

Juma hili tutaligeuza swali hilo. Badala ya kuuliza kwa nini aliyeonywa hakusikia, tutauliza: aliyeonya anadaiwa nini? Nikimwambia jirani yangu kwamba maji yanakuja, je, nimemaliza wajibu wangu mbele za Mungu? Au onyo ni mwanzo tu wa deni?

JUMAPILI: Mhubiri Mwenye Shoka

Mtume Petro anamtaja Nuhu kuwa mhubiri wa haki (2 Petro 2:5), nasi tumezoea kumwona akilini mwetu akisimama mbele ya umati unaomcheka. Lakini soma Mwanzo 6:13-22 kwa utulivu. Katika mafungu hayo hakuna hotuba hata moja ya Nuhu. Tunachokuta ni vipimo. Urefu, upana na kimo vinatajwa kwa dhiraa. Inatajwa aina ya mti, lami ya ndani na ya nje, vyumba, mlango wa ubavuni, na ghorofa tatu. Kisha, kabla hata tone moja halijaanguka, Nuhu anaagizwa kukusanya chakula, chake mwenyewe, cha nyumba yake, na cha wanyama (fungu la 21).

Mungu alipotaka kuionya dunia, alimpa mwonyaji kazi ya useremala. Mtu aliyemuuliza Nuhu, “Basi tukimbilie wapi?” angeweza kuonyeshwa kwa kidole. Safina ilikuwepo, ilikuwa na mlango, na ndani yake mlikuwa na chakula. Kila gogo lililochongwa liliwaambia watazamaji kwamba mhubiri huyu anayaamini maneno yake kiasi cha kuyatumia mali, jasho na miaka yake. Waebrania 11:7 inapomsifu Nuhu kwa imani, inataja kile alichokiunda ili kuiokoa nyumba yake.

Hapa inafaa tujihadhari. Gharika ya siku za Nuhu ilikuwa hukumu ya Mungu, na Maandiko yenyewe yanasema hivyo. Hatuna ruhusa ya kusema vivyo hivyo juu ya kila mto unaofurika. Watu walipomletea Yesu habari za msiba, naye akaona wanaweza kuyapima maovu ya watu kwa ukubwa wa msiba wao, Bwana aliwataja wale waliofunikwa na mnara wa Siloamu, akakana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao (Luka 13:4, 5). Mkulima wa Rufiji aliyepoteza mpunga wake si mwenye dhambi kuliko mwuza duka wa Iringa ambako mvua ileile ilipita ikielekea bondeni. Tunachojifunza kwa Nuhu ni jinsi mtu anayejua hatari mapema anavyopaswa kuishi kati ya wale wasioijua au wasioiamini.

Soma Yakobo 2:14-17. Yakobo anamchora mtu anayemwona ndugu yake hana nguo wala riziki, naye anamtakia joto na shibe, kisha anampa mgongo. Maneno yake ni mazuri, nayo hayana kosa la kisarufi wala la mafundisho. Yamekosa tu blanketi na ugali. Ni hivyo hivyo kwa anayepita na kipaza sauti akisema, “Hameni, hameni!” bila kusema wapi, kwa chombo gani, na watakula nini wakifika.

Tafakari: Katika mwaka uliopita, ni onyo gani ulimpa mtu bila kumpa pia njia ya kulitii?

JUMATATU: Kwa Nini Watu Hubaki

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kabla ya kumhukumu anayebaki bondeni, inatupasa kujua bonde lina nini.

Maji ya Rufiji yakipungua huacha tope lenye rutuba, na wakulima hupanda mahindi na kunde katika unyevu huo bila kungoja mvua nyingine. Kilimo hicho huitwa mlau, nacho kimewalisha watu wa bonde kwa vizazi vingi. Wakati wa kulima, familia huhamia shambani na kuishi kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili wayalinde mazao yasiliwe na wanyama wa porini. Kwa mtu huyu, mto unaobomoa nyumba ndio huohuo unaojaza ghala. Ukimwambia auache, unamwambia aache chakula cha watoto wake.

Historia inatufundisha jambo hapa. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, serikali iliwahamisha wakazi wengi wa bonde la Rufiji kwenda vijiji vipya kwenye miinuko. Nia ilikuwa kuwaweka mbali na maji na karibu na shule na zahanati. Lakini shamba la mlau halikupanda mlima pamoja nao, na msimu baada ya msimu watu waliteremka tena bondeni kulima. Jambo linalofanana na hilo lilitokea Dar es Salaam. Desemba 2011 mvua kubwa ilifurisha mabonde ya jiji, likiwemo la Mto Msimbazi, na kuua watu wapatao 40. Waathirika walipewa viwanja Mabwepande, mbali na katikati ya jiji. Baadhi yao walirudi mabondeni, kwa sababu kibarua, genge na mzunguko wa riziki ya kila siku vilibaki mjini.

Ukilinganisha na Mwanzo 6:21 utaona kilichopungua. Palikuwa na mahali pa kukimbilia, lakini chakula hakikuingizwa ndani ya safina. Watu walipewa paa, na jiko likabaki bondeni.

Usiku wa hatari una sababu zake pia. Baba hubaki ili wezi wasibebe mabati na baiskeli. Bibi hubaki kwa sababu miguu haimchukui, na kijana wake hubaki kwa sababu ya bibi. Mama hubaki kwa ajili ya mbuzi watatu, ambao ndio ada ya shule na akiba ya ugonjwa. Mwingine hubaki kwa sababu mwaka juzi walihamishwa, maji hayakufika, na waliporudi walikuta kuku wameibwa. Tukiwaita watu hawa wajinga tutakuwa tumewaonea. Wamepiga hesabu kwa uzito waliokuwa nao mkononi, na kwa upande wa kuondoka hatukuweka chochote.

Upande huo unaweza kuongezwa uzito. Mwaka 1970 kimbunga kilisukuma maji ya bahari juu ya nchi tambarare ambayo leo ni Bangladesh, na inakadiriwa kuwa watu wasiopungua 300,000 walikufa. Katika miaka iliyofuata nchi hiyo iliwaandaa maelfu ya watu wa kujitolea kupita vijijini na bendera na vipaza sauti. Pamoja nao ilijenga majengo imara ya kukimbilia, na vilima vya udongo vya kupandishia ng’ombe na mbuzi. Vimbunga vikali vya miaka ya karibuni vimeua watu wachache mno kulinganisha na wa 1970. Maji ya bahari si maji ya mto, lakini mwenye mbuzi ni yuleyule. Alipoona mbuzi wake ana mahali, naye akaondoka.

Tafakari: Soma Mwanzo 7:1-3. Mungu aliwajali wanyama pia katika mpango wa wokovu. Hilo linakuambia nini kuhusu jirani anayekataa kuacha mifugo yake?

JUMANNE: Je, Kuondoka ni Kukosa Imani?

Katika makutano yetu wapo waumini waaminifu ambao, wakisikia tangazo la mafuriko, husema, “Mungu aliyenilinda miaka yote hatanisahau leo,” kisha hulala. Hatupaswi kuidharau imani hiyo. Mara nyingi imekomaa katika majaribu ambayo sisi hatujayapitia. Lakini inapaswa kupimwa kwa Neno.

Soma Mathayo 4:5-7. Shetani alimtaka Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu, na aliyatumia maneno ya Zaburi ya 91 kumhakikishia ulinzi wa malaika. Ahadi ilikuwa ya kweli. Kosa lilikuwa kuitumia kama ruhusa ya kujiweka penye hatari isiyo ya lazima. Yesu aliiamini zaburi hiyo kuliko yeyote kati yetu, na bado alikataa kuruka.

Mto uliofurika una nguvu kuliko unavyoonekana. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na yenye kina cha sentimita 60 yanaweza kubeba magari mengi. Chini ya maji hayo barabara inaweza kuwa imekwisha kukatika, na mtu wa juu asione. Mwezi Desemba 2021, katika kaunti ya Kitui, Kenya, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu uliokuwa umefurika, likazama, na zaidi ya watu 30 walikufa. Walikuwa watu wa ibada, na safari yao ilikuwa ya furaha. Hatulitaji jambo hilo ili kuwalaumu marehemu, bali kwa sababu linatukumbusha kwamba maji hayamuulizi mtu anaimba kwaya gani.

Sasa soma Matendo 27:21-32. Paulo alipewa ahadi iliyo wazi kabisa: hakuna mtu hata mmoja katika merikebu ile atakayepotea. Baada ya ahadi hiyo mabaharia walijaribu kutoroka kwa mashua ndogo. Paulo hakusema, “Waacheni, Mungu ameahidi.” Alimwambia akida kwamba wasipobaki wale mabaharia, watu wengine hawataokoka. Mtu mwenye ahadi mkononi alijua kwamba ahadi hiyo itatimizwa kwa mikono ya watu wanaojua kushika usukani. Kwa hiyo anayehama mapema akiwa na watoto wake, vyeti vyake na dawa zake hajamvunjia Mungu heshima. Huenda tangazo lile la redio ndilo lililokuwa jibu la sala yake.

Yapo makosa ya upande wa pili pia. Mtu aliyekwisha kufika mahali salama anaweza kuigeuza busara yake kuwa kiburi, akasema aliokoka kwa sababu ya akili zake. Mithali 22:3 inamsifu mwenye busara anayeona mabaya na kujificha. Lakini kuwa na pa kujificha ni neema, na wengi hawana.

Tafakari: Ni tofauti gani iliyopo kati ya kumtumaini Bwana na kumjaribu Bwana? Toa mfano kutoka katika maisha ya kijiji au mtaa wako.

JUMATANO: Tarumbeta na Wasioweza Kukimbia

Mtu anaweza kuleta hoja nzito kutoka katika Ezekieli 33:1-6. Mlinzi anauona upanga unakuja, anapiga tarumbeta, na asiyejali anabeba damu yake mwenyewe. Je, Maandiko hayasemi hapo kwamba mlinzi akishaonya amejitoa?

Tuyasome kwa makini mafungu hayo. Yanamzungumzia mtu aliyesikia sauti ya tarumbeta na asijali. Anayehukumiwa ni yule ambaye angeweza kuitikia. Fungu hilo halisemi kwamba mlinzi yuko huru mbele ya yule asiyesikia kwa sababu ni kiziwi, au asiyetoka kwa sababu ni kiwete, au aliyefungiwa na umaskini. Na jambo la pili: mlinzi wa Ezekieli alisimama juu ya ukuta wa mji. Tarumbeta yake iliwaita watu waliokuwa na malango ya kufunga. Kwa maneno mengine, onyo lake lilisikika mahali ambapo ulinzi ulikuwa umekwisha kujengwa.

Bwana wetu mwenyewe alitoa onyo la kuhama. Soma Mathayo 24:15-20. Ni onyo kali: aliye darini asishuke kuchukua vitu, na aliye shambani asirudi kuchukua vazi. Lakini katikati ya ukali huo Yesu anasimama kwa ajili ya watu wawili, mwenye mimba na anyonyeshaye. Anawahurumia kwa sauti. Kisha anawaagiza wanafunzi waombe kukimbia kwao kusiangukie wakati wa baridi wala siku ya Sabato. Sisi Waadventista tunalijua vizuri neno hilo la Sabato, na tunafanya vyema. Tusiliruke lile linalolitangulia. Yesu alipotoa amri ya kukimbia, aliwafikiria kwanza wasioweza kukimbia upesi.

Habari fupi ya 2 Samweli 4:4 inaonyesha gharama ya kukimbia bila maandalizi. Mefiboshethi alikuwa na miaka mitano habari mbaya zilipofika. Yaya wake alimbeba, akakimbia kwa haraka, mtoto akaanguka, akalemaa. Yaya hakukosa upendo wala utii. Alikosa mtu wa kumshika mkono.

Kanisa la mahali linaweza kuwa mtu huyo. Shemasi anajua nyumba ya mzee aishiye peke yake. Akina mama wa Dorkasi wanajua nani anakaribia kujifungua na nani anatumia dawa za kila siku ambazo haziwezi kukatizwa. Watafuta Njia wanajua kufunga kamba na kutengeneza machela. Kamati ya maafa ya kijiji ina mamlaka, na kikosi cha zimamoto na uokoaji, ambacho nchini Tanzania hupigiwa namba 114, kina ujuzi na vifaa. Lakini orodha ya majina ya wale wasioweza kukimbia mara nyingi imo katika kichwa cha jirani. Orodha hiyo ikiandikwa leo, kabla ya mvua, itakuwa tarumbeta inayomwita kila mtu kwa jina lake.

Tafakari: Ukihesabu nyumba 10 zilizo karibu na yako, ni nani asiyeweza kutoka bila kubebwa? Nani atambeba?

ALHAMISI: Anapokataa

Tuseme sasa safina ipo. Kuna mtumbwi, kuna jengo juu ya mlima, kuna unga, na kuna zizi la mbuzi. Jirani bado anakataa. Tufanye nini?

Soma Mwanzo 19:12-22. Malaika walimwonya Lutu, naye akakawia. Hawakumkumbusha methali. Walimshika mkono, yeye na mkewe na binti zake wawili, wakawatoa nje ya mji, na Biblia inasema sababu ilikuwa huruma ya Bwana (fungu la 16). Walipofika nje Lutu alileta tatizo lingine: mlimani hataweza kufika. Akaomba aruhusiwe kwenda mji mdogo uliokuwa karibu, Soari. Fikiria jambo hilo. Moto uko njiani, na mtu anajadili mahali pa kukimbilia! Mungu alimsikiliza. Mpango wa uokoaji wa mbinguni ulibadilishwa kwa sababu ya udhaifu wa mtu mmoja mwenye hofu. Basi na sisi, jirani akikataa, tuulize kwanza: anakataa kuokolewa, au anakataa mlima tuliomchagulia? Huenda anakubali kwenda kwa shangazi yake na hataki kulala darasani na watu 60. Huenda anahitaji tu kijana mmoja wa kukaa mahali salama pa kuangalia nyumba yake.

Hata hivyo habari hiyo ina mpaka. Wakwe za Lutu waliona anafanya mzaha, nao wakabaki (fungu la 14). Upendo hushawishi, hurudi mara ya pili na ya tatu, hushika mkono, lakini mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kukataa hadi mwisho. Hapo mambo mawili yasisahaulike. Mtu mzima anaweza kujiamulia mwenyewe, ila hawezi kumwamulia mtoto wake kufa. Watoto na wasiojiweza watolewe, na viongozi wa serikali waitwe ikilazimu. Pili, anayebaki hukadiria hatari ya peke yake, na husahau vijana watakaotumwa usiku kumfuata kwenye maji yenye mamba na magogo. Ni haki kumwambia hilo waziwazi. Ni haki pia kwa kiongozi kuwazuia waokoaji wasiende maji yanapokuwa yamezidi. Kutuma watu 4 wafe wakimtafuta mmoja si ushujaa.

Na baadaye, je? Rudi kwa Paulo. Alikuwa ameonya kabla ya safari, na akida akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu (Matendo 27:9-11). Dhoruba ilipokuja Paulo alitaja mara moja tu kwamba wangalimsikiliza (fungu la 21). Kisha aliwatia moyo, akawasihi wale, akamshukuru Mungu mbele yao wote, akaumega mkate (mafungu ya 33-36). Watu 276 waliokataa au waliokuwa chini ya waliokataa onyo lake walishibishwa na mtu yuleyule aliyepuuzwa. Hakumtenga mpagani, askari wala mfungwa.

Wakazi wengi wa bonde la Rufiji ni Waislamu. Mungu hunyeshea mvua wenye haki na wasio haki (Mathayo 5:45), na mafuriko hayatofautishi msikiti na kanisa. Mlango wa kanisa lililo juu ya mlima ukifunguliwa, ufunguliwe kwa wote bila sharti la kusikiliza hubiri, na wapewe nafasi ya kutulia na kusali. Mkate wenye ndoana ndani yake si mkate wa Paulo.

Tafakari: Umewahi kuonya ukapuuzwa? Ulipomwona mtu huyo katika shida, ulitangulia kusema nini?

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Tumeona kwamba Nuhu alionya kwa maneno na kwa mbao. Tumeona kwamba wengi hubaki kwa sababu kuondoka hakujapewa uzito wa kutosha, kwamba ahadi za Mungu hazifuti wajibu wa kutumia njia alizotupa, na kwamba Bwana Yesu aliwakumbuka wasioweza kukimbia. Tunaweza sasa kulijibu swali la juma. Anayeonya anadaiwa sehemu ya gharama ya kulitii onyo lake. Akiwa na kidogo, anadaiwa kidogo. Lakini hawezi kudaiwa maneno peke yake.

Jibu hili linawagusa wakubwa na wadogo. Mamlaka inayoyaachilia maji ya bwawa yanapozidi, kama ilivyobidi katika bwawa la Julius Nyerere mwaka 2024, inadaiwa na watu wa chini ya mto zaidi ya tangazo. Shirika la misaada, likiwemo ADRA la kanisa letu, linapaswa kufika kabla ya msiba na si baada yake tu. Nasi katika kanisa la mahali tunadaiwa yale tunayoyaweza: mahali palipoinuka pawe panajulikana, ufunguo wa kanisa uwe na watu watatu, mapipa ya maji safi na dawa ya kuyatibu viwepo, choo cha ziada kichimbwe mbali na kisima, maana kipindupindu hufuata maji. Mbegu kidogo za kupanda maji yakishuka zihifadhiwe mlimani. Huo ndio uzito unaomwezesha baba kuliacha bonde usiku akijua kesho yake haijazama.

Na ikiwa maji yatakuja siku ya Sabato, wakati wa hubiri? Luka 14:5 inatosha. Yesu aliuliza ni nani ambaye ng’ombe wake akitumbukia kisimani siku ya Sabato hatamwopoa mara moja. Ibada itaendelea kwenye matope, kwa mikono yenye kamba. Mabenchi yatachafuka, mbuzi watalala uani, na sakafu tuliyoichangia kwa miaka itahitaji kusuguliwa kwa juma zima. Kanisa lisilokuwa tayari kwa hilo lisipige tarumbeta kwa sauti kubwa sana.

Pengine kundi lenu ni dogo na fedha ni chache, nanyi mnasema safina ni kazi ya wenye uwezo. Soma Matendo 27:44 mkimaliza. Merikebu ilivunjika, lakini wote walifika pwani salama. Wanaojua kuogelea waliogelea. Wengine walishikilia mbao, na wengine vipande vya merikebu. Yamkini hamwezi kujenga safina. Mnao ubao gani?

Maswali ya Kujadili:

1. Jadilini methali “asiyesikia la mkuu huvunjika guu.” Ni lini ni ya haki, na ni lini inatumika kumwepusha mkuu na wajibu wake?

2. Mtu amehamishwa mara mbili bure, maji hayakufika. Mara ya tatu anakataa. Mtamwambia nini kilicho kweli, bila kumtisha wala kumdanganya?

3. Mzazi anakataa watoto wake watolewe. Kanisa lina wajibu gani, na mpaka wake uko wapi?

4. Andikeni pamoja, kabla hamjatawanyika leo, majina ya majirani wasioweza kukimbia, waumini na wasio waumini. Kando ya kila jina andikeni nani atakwenda mlangoni kwake, na atapelekwa wapi.